Mama Alisubiri Nimalize Kuomba

Tetu, Jumapili, Julai 1996

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Ni baridi ile ya Julai inayoingia hadi kwenye mifupa, na majani ya chai huko chini hayaonekani kabisa. Tulimzika mama juzi.

Nimeshindwa kumweleza mtu yeyote jambo hili, kwa hiyo naliandika hapa.

Miaka miwili iliyopita niliacha kanisa. Sikugombana na mtu. Nilikuwa nimeanza kusoma na Mzee Kabue, fundi wa saa wa Nanyuki, na wenzake watatu wanaofuata amri saba alizopewa Nuhu. Sisi si Wayahudi na hatujifanyi kuwa Wayahudi. Tunamwomba Mungu mmoja, moja kwa moja, bila kupitia kwa mwingine. Mwanzoni nilinakili sala za Kiyahudi kwenye daftari nikawa nazikariri. Mzee akaniuliza, “Hapa unasema Mungu amekuamuru kufanya jambo hili. Amekuamuru wewe, au wao?” Akaniambia nisimwambie Mungu uongo, hata kama ni uongo mtamu. Nichukue Zaburi, niombe kwa maneno yangu, nishukuru ninapoamka.

Mama alilia nilipoacha kwenda naye kanisani. Alikuwa mama wa kitambaa cha kichwa cheupe, wa kufagia kanisa kila Jumamosi. Lakini hakunifukuza. Aliendelea kuniita “baba”, kwa sababu nina jina la baba yake.

Kisha figo zikamlemea. Hospitali ikaturudishia mgonjwa, dada yangu Wanjirũ akawa anamtunza hapa nyumbani. Mimi nilikuwa nikitoka shuleni Ruring'u, ninakofundisha, nikija kumwona.

Jumatano ile alikuwa na nguvu kidogo. Alinishika mkono akasema, “Niombee, baba. Wengine wote wameniombea isipokuwa wewe.”

Nilipiga magoti. Niliomba kwa Gĩkũyũ, na sijawahi kuomba vile. Nilimshukuru Mungu kwa mikono yake iliyochuma chai ili mimi nisome. Nilimwomba ampunguzie maumivu. Kisha nikafika mwisho, nikanyamaza.

Mama alikuwa bado amefumba macho. Alikuwa anasubiri.

“Hujamaliza,” akasema.

Nilijua anataka nini. Maneno manne tu: kwa jina la Yesu. Wanjirũ alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, akinitazama kama mtu anayeniombea mimi.

“Maliza, baba.”

Sikuweza. Ningeyasema, ningekuwa nasema nisiloliamini mbele za Mungu, na mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutofanya hivyo. Lakini pia sikuwa na neno lingine la kumpa. Nilibaki pale magotini kama gogo.

“Basi,” akasema. Akageukia ukutani.

Nilitoka nje. Hicho ndicho ninachojilaumu. Si kwamba sikusema yale maneno manne. Ni kwamba nilitoka nje.

Jumamosi iliyofuata, siku sita kabla ya mazishi, nilienda Nanyuki asubuhi kumwuliza Mzee Kabue ningefanya nini. Alivua ile lenzi ya jicho, akaweka chini saa aliyokuwa akiifungua.

“Hungeweza kuyasema,” akaniambia. “Lakini nani alikuambia ukimya ni sala? Ungeendelea. Ungemwambia, mama, mimi naishia hapa, wewe malizia vile unajua. Halafu umsomee Zaburi. Zaburi si ni yake pia?”

“Ni yake.”

“Sasa unafanya nini hapa? Rudi.”

Nilirudi. Nilipofika langoni nilikuta wanawake wa kanisa wamekaa kwenye nyasi, na kitambaa cheupe cha mama kimeanikwa kwenye ua. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Kaburini mchungaji alimwita kila mtoto kusema neno. Zamu yangu ilipofika nilitikisa kichwa. Watu wakasema ati ni uchungu. Haukuwa uchungu peke yake.

Leo mchana Wanjirũ aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza: “Kwani wewe huomba aje siku hizi?” Nilimweleza nilivyoweza. Akafikiria, akasema, “Mama alidhani umeacha kuomba. Hiyo Jumatano alisikia hujaacha. Lakini alikasirika. Siwezi kukudanganya.”

Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Halafu nikashuka hadi kaburini, udongo bado mwekundu, mashada yameloa. Mzee alitufundisha kwamba kosa nililomkosea mtu, Mungu hanisamehe kwa niaba yake. Lazima nimwendee mwenyewe. Alitufundisha pia kwamba wafu hawaombwi. Nilisimama muda mrefu nikiogopa kuchanganya haya mawili.

Mwishowe nilizungumza na mama kama ninavyozungumza naye siku zote. Nilimwambia nisamehe, nilikuacha ukiwa umegeukia ukuta. Sikumwomba chochote kingine. Kisha nikainua uso nikamwambia Mungu habari zake, jina lake na jina la baba yake, na jinsi alivyokuwa akicheka peke yake akikamua ng'ombe. Nikasoma zaburi moja nzima, kwa sauti. Hakuna aliyenijibu, na sikutarajia kujibiwa.

Je, alinisamehe? Sijui. Nadhani nitaishi bila kujua.

Nimerudi ndani nimelowa. Wanjirũ amenimiminia chai, hakuuliza nilikuwa wapi. Kesho asubuhi atapokea majirani watakaokuja kuvunja matanga, na mchungaji ataomba kwa njia yake. Nitakaa pale mpaka mwisho. Wakiniuliza kama nina neno, nitasimama, na nitaomba mpaka nifike mahali pangu pa kuishia, kisha nitawaambia wao waendelee.

Sitatoka nje.