Jina Lisilotajwa kwenye Pembe

Ísafjörður, 4 Novemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jicho ulilopasuliwa linaendelea vizuri, na kwamba huendeshi gari kabla daktari hajakuruhusu. Sisi huku hatujambo. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, na karakana yetu ya nyavu ina kazi mpaka mwisho wa mwaka.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni njema tupu: Ketill ameniomba tuoane, nami nimekubali. Unamfahamu, ni yule mwendesha kreni wa bandarini aliyekula vichwa viwili vya kondoo mezani kwako na kuomba cha tatu. Tunataka kufunga ndoa siku ya kwanza ya kiangazi kwa kalenda ya kale, tarehe 25 Aprili, na wewe ndiwe tunayetaka utufungishe, ukiwa umevaa pete ya kiapo, kama wewe kuhani wetu ulivyowafungisha wote wa Chama cha miungu ya kale.

Ya pili sijui utaipokeaje. Baada ya kiapo, pembe ya pombe ya asali itakapozungushwa na kila mtu kumtaja mungu wake, mimi nitasimama nimtaje Loki, mungu wa hila. Si kwa mzaha. Huu ni mwaka wa tatu namwekea kikombe dirishani kila Jumamosi. Najua sheria ya Chama inakataza jina hilo. Ndiyo maana naandika mapema. Sikutaka ulisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Nijibu, Baba, hata kama ni kwa ukali.

Binti yako,
Yrsa


Dalvík, 15 Novemba 2018

Binti yangu Yrsa,

Marahaba. Jicho ni zima. Mwoga ni daktari. Nami natumaini mikono yako haipasuki kwa baridi, kwa maana najua huvai glavu unaposhona nyavu.

Mwambie Ketill nimefurahi. Mtu anayekula kichwa cha kondoo bila kusaza jicho anaaminika.

Kuhusu la pili. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, tulipoanzisha Chama miaka ishirini na miwili iliyopita, nami nikaapa juu ya pete kwamba nitailinda. Unajua nilikuwa mkaguzi wa meli kwa miaka thelathini na mmoja. Niliwahi kuizuia meli nzima bandarini kwa sababu ya jaketi moja la kuokolea. Siwezi kuilegeza sheria eti kwa kuwa anayeomba ni mtoto wangu. Loki ndiye aliyemwelekeza kipofu kumrushia Baldur tawi lililomuua, Baldur mwana wa Odin mkuu wa miungu, mwana aliyependwa kuliko miungu wote. Chama cha watu ishirini na mmoja hakiwezi kumkaribisha mtu wa namna hiyo mezani.

Hilo ni jibu la kuhani. Kama baba yako nina maswali, na nakuomba usiyaone kuwa ni mtego. Unamwekea nini ndani ya hicho kikombe? Je, huwa anajibu, na akijibu unajuaje kwamba si wewe mwenyewe? Unamwomba nini? Na kwa nini yeye, ilhali mama yako na mimi tulikulea kwa Thor na Freyja?

Usinijibu kwa hasira. Nijibu kama unavyomweleza mkaguzi kilichomo melini.

Baba yako,
Hafliði


Ísafjörður, 27 Novemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mikono haijapasuka, nimepata mafuta mazuri ya kondoo. Ketill anakusalimu na anauliza kama vichwa vingine vimebaki.

Mheshimiwa mkaguzi, ripoti ni hii. Namwekea kahawa yenye vijiko vitatu vya sukari, na andazi lenye mdalasini. Asubuhi Ketill hulila lile andazi, na sijaona dalili kwamba Loki ananuna. Hajibu kwa sauti. Mkasi wangu hupotea, kisha nikauona mahali nilipokwisha kupatafuta mara nne. Huenda ni uzembe wangu. Sidai zaidi ya hapo. Simwombi bahati. Namwomba asiniache nijidanganye.

Kwa nini yeye? Wiki tatu baada ya kumzika Mama nilirudi kazini. Hakuna aliyethubutu kunisemesha. Nilishona wavu wa kukokota kutwa nzima bila kuinua kichwa, na sikugundua kwamba nilikuwa naishona na sweta yangu humo humo. Msimamizi akawasha winchi. Wavu ukapanda, na mimi nikapanda nao, Baba, nikaning'inia kama chewa, miguu inachezacheza hewani. Karakana nzima ikanyamaza, maana nani angemcheka mfiwa? Kisha mzee Ebbi, fundi wetu wa zamani, akasema, "Mwacheni hapo, huyo yuko chini ya ukubwa unaoruhusiwa kuvuliwa, tutatozwa faini."

Nilicheka mpaka nikalia. Tangu mazishi nilikuwa sijaweza hata kimoja kati ya hayo mawili. Waliponishusha Ebbi aliniambia, "Hiyo ni kazi ya Loki. Yeye ndiye aliyesuka wavu wa kwanza, na yeye ndiye wa kwanza kunaswa nao." Jumamosi ile nikaweka kikombe.

Sasa na mimi nina swali. Wewe mwenyewe ulinifundisha, kutoka mashairi ya kale, kwamba Odin na Loki walichanganya damu wakawa ndugu, na Odin akaapa kwamba hataonja pombe isipoletwa kwao wote wawili. Nimetafuta mahali kiapo hicho kilipotenguliwa, sikupaona. Basi Chama kinapommiminia Odin na kumnyima Loki, Odin anakunywa nini?

Binti yako,
Yrsa


Dalvík, 9 Januari 2019

Binti yangu Yrsa,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Najua wiki sita ni nyingi. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nasoma.

Nimepitia kila nakala ya mashairi hayo niliyo nayo, na nyingine tatu nilizoazima maktaba. Kiapo kipo. Hakikutenguliwa popote. Hata baada ya Baldur kufa, hata Loki alipofungwa kwenye mwamba, Odin hakulirudisha neno lake.

Mwezi uliopita tulifanya tambiko la katikati ya majira ya baridi, pale kwenye mawe juu ya mto. Pembe ilikuwa imejaa mkononi mwangu. Nilitakiwa kusema, "Odin, pokea." Nikalikumbuka swali lako, na mdomo ukagoma. Bi Steinvör, ambaye hunong'ona kwa sauti ya kuwaita kondoo kutoka ng'ambo ya bonde, akasema, "Vipi, kuhani, umesahau jina la bosi?"

"Sijasahau."

"Basi mimina, baba wee! Vidole vyangu vimeshakuwa samaki wa barafu!"

Nikamimina. Nikasema maneno yote bila kosa. Lakini nilijiona kama mtu anayemwandalia mgeni chakula baada ya kumfunga mikono. Tambiko nne kwa mwaka, Yrsa, kwa miaka ishirini na miwili. Mara themanini na nane nimempa Odin kinywaji asichoruhusiwa kukinywa, na mara zote nikajisifu kwa kufuata utaratibu.

Nitalipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu wa Februari.

Nimeweka pia kikombe dirishani, kwa uchunguzi tu. Hakikutokea kitu. Kahawa ilipoa.

Baba yako,
Hafliði


Ísafjörður, 18 Januari 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hata yangu hupoa. Sidhani kwamba ni kasoro.

Nakuomba usikivunje Chama kwa ajili yangu. Bi Steinvör ndiye aliyenifundisha kufuma, na Mama alipougua alileta supu kila siku bila kuulizwa. Waulize tu. Wakikataa, niambie waziwazi.

Vaa kofia unapotoka. Jicho.

Binti yako,
Yrsa


Dalvík, 18 Februari 2019

Binti yangu Yrsa,

Marahaba. Afya yangu ni njema. Natumaini nanyi hamjambo.

Mkutano ulifanyika juzi. Nilieleza kwa dakika arobaini. Nilipokaa, Steinvör alisimama.

"Hafliði, umesoma vizuri kama kawaida yako," alisema. "Mimi sijasoma. Ninachojua ni kwamba mwanangu Bárður alitoka bandarini asubuhi akipiga mluzi, na sikurudishiwa hata kiatu. Frigg naye ni mama, Baldur alikuwa wake, na sote tunajua aliyemponza. Unataka nimwinulie huyo pembe mbele ya mama wa marehemu?"

Nikamjibu, "Odin ni baba wa marehemu huyo huyo, na hakukivunja kiapo."

"Basi Odin na akae na kiu yake. Sisi akina mama hatukuapa kitu."

Hakuna aliyecheka. Nikaitisha kura. Waliokataa ni kumi na wawili, waliokubali ni wanane. Mimi kama mwenyekiti sipigi kura.

Sheria imebaki, na kiapo changu juu ya pete kimebaki. Siwezi kukufungisha ndoa kwa namna unayoitaka. Usiniombe tena, kwa maana kukukataa mara ya pili kutanishinda.

Baba yako,
Hafliði


Ísafjörður, 3 Machi 2019

Baba,

Shikamoo. Sisi ni wazima.

Barua yako niliisoma karakanani, nikaiweka, nikaendelea na kazi. Nilikasirika siku nne. Ya tano Ketill akaniambia, "Si umtaje kimoyomoyo tu? Huyo ana masikio." Nililifikiria sana, Baba, kwa sababu ningepata vyote viwili: wewe na pete yako, na Loki kimya kimya. Lakini Loki ndiye pekee nisiyemficha kitu. Mbele yake ndiko nilikojifunza kukiri kwamba nilimkasirikia Mama kwa kufa. Nikianza ndoa kwa kumficha, nitakuwa nimewadanganya wote watatu: yeye, Ketill na wewe.

Bi Steinvör hana kosa. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Kwa hiyo tutaandikishwa ofisini kwa mkuu wa wilaya tarehe 24 Aprili, na tarehe 25 alasiri tutafanya karamu karakanani. Pembe itazunguka. Kiti chako kitakuwepo. Sikuombi kitu tena. Nakualika.

Binti yako,
Yrsa


Ísafjörður, 10 Aprili 2019

Baba,

Shikamoo. Wiki tano zimepita. Simu yako inalia mpaka inakata. Nimempigia Bi Steinvör, akasema, "Babako mzima. Anakula, anatembea, ananuna. Mengine usiniulize, mdomo wangu umefungwa." Nikamuuliza umefungwa na nani. Akasema, "Na babako, miaka ishirini na miwili iliyopita," kisha akakata.

Sielewi. Kama ukimya wako ndio jibu, andika hata neno moja, nijue.

Yrsa wako


Hólmavík, 25 Aprili 2019, asubuhi

Binti yangu Yrsa,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa sababu ya kiti cha gari la Steinvör. Barua hii nitakukabidhi mwenyewe. Naiandika kwa sababu haya siwezi kuyasema nikiwa nimesimama mbele ya watu.

Siku niliyopokea barua yako ya Machi nilivua pete. Kuna sheria kwamba kuhani anayevua pete hazungumzi habari hiyo na mtu wa nje ya Chama, wala waliomo hawamsemei, mpaka mwingine aapishwe. Hiyo nayo niliiandika mimi. Na kwa kuwa sikuwa na habari nyingine kichwani, nikanyamaza kabisa, sikuandika wala kupokea simu. Sheria haikunidai kiasi hicho. Ningeweza kukuandikia habari za theluji, ukajua tu kwamba nakukumbuka. Nilikosea, na ninaomba radhi.

Usidhani niliivua kwa ajili yako tu. Nilikuwa nimepangiwa kuimimina pembe ya mwisho wa Machi, nikajua nitashindwa. Chama kina haki ya kukataa, na mimi sina haki ya kumpa Odin kitu ninachojua hawezi kukipokea. Mtu wa namna hiyo hafai kuvaa pete.

Juzi wamemwapisha Steinvör. Kazi yake ya kwanza kama kuhani ilikuwa kuja kulitazama gari langu. "Kwa jicho hilo na matairi haya?" akasema. "Utatuletea msiba siku ya harusi. Ingia kwangu." Nilimkumbusha kutakuwa na jina asilotaka kulisikia. Akasema, "Mimi naenda kula keki. Pete nimeiacha nyumbani. Ikifika zamu yangu nitamtaja Thor, na mwingine akiwataja wake, mimi nitakuwa natazama bahari." Njia nzima ameniambia kwamba nimekosea, kuanzia Dalvík mpaka hapa, na bado alinimenyea machungwa.

Jana walifunga njia ya juu milimani kwa sababu ya theluji, ndiyo maana tumelala hapa.

Sasa lililobaki. Sijawahi kusimama na pembe bila maneno niliyoyaandika siku kadhaa kabla. Leo sina. Sitakuongopea kwamba nimemwamini huyo wako. Siwezi pia kumtaja Odin peke yake, na sababu unaijua, ni wewe uliyenipa. Usiku kucha nimekuwa nikijiuliza baba aliyefiwa na mwanawe aliona nini kwa yule aliyemponza, hata asilirudishe neno lake. Vitabu havisemi. Nimeanza kuona kwamba hakuna wa kumuuliza isipokuwa hao wawili wenyewe, na sijui mtu huanzaje.

Pembe ikinifikia na ukaniona nimesimama kimya, usininong'oneze. Mwambie na Ketill asikohoe. Nipeni muda.

Steinvör anapiga honi. Gari la kusafisha theluji limekwisha kupita.

Baba yako