Viti vya Sekondari Mpya na Sahihi Yangu

Jumanne, 4 Februari
Ng'ombe majini, kurudi, uji wa mtama. Jua kali. Mkuu wa shule kapita na pikipiki, kaniachia barua: kikao cha kamati ya manunuzi Alhamisi saa nne. Sekondari mpya imeisha, bati zinang'aa mpaka barabarani, ndani hakuna hata stuli. Mafundi watatu wameomba kazi ya kutengeneza viti na meza. Sisi watu watano wa kijiji ndio wa kuchagua. Mimi nilipitishwa na mkutano mzima, mikono yote juu. Kusema kweli nusu. Niliwaambia nilisimamia ujenzi wa daraja Musoma. Nilikuwa nabeba zege.

Mmoja wa hao mafundi ni Magesa, mtoto wa dada yangu, ana karakana Kabasa, kule Bunda. Kamati hawajui. Ana jina la ukoo wa baba yake. Sijasema.

Jumatano, 5 Februari
Nimekwenda ofisini kwa mkuu kuchungulia makaratasi. Kiingereza kuanzia juu mpaka chini. Kesho kila mjumbe atapewa ukurasa, ausome kwa sauti, awaeleze wenzake. Mimi niliishia darasa la tano. Kiswahili naandika, ndiyo hiki. Nikamwambia mkuu nimeshaelewa yote, haya ni mambo madogo kwangu. Nimetoka mgongo umelowa.

Alhamisi, 6 Februari
Nimekwenda Butiama. Simu nimezima. Kutwa mnadani naangalia madume. Nimeuliza bei kama tajiri, sikununua hata kamba. Sato wa kukaanga, hana ladha. Nimerudi kikao kimeisha zamani.

Jumamosi, 8 Februari
Magesa kapata. Viti themanini, meza themanini. Wenzangu wanasema kiti chake cha sampuli walikirusha chini mara tatu, hakikulegea. Furaha ilinijaa mpaka nikashindwa kukaa nyumbani.

Kijiweni kwa bodaboda nikasema yule ni mpwa wangu. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikasema nimeongea saa mbili mfululizo, nimepiga meza, yule mwenye karakana wa Musoma aliyekuwa anautaka huu mzigo kaishiwa hoja. Mzee Wambura, huyu jirani yangu, akasema, "Bingwa, meza ipi uliyopiga na shule haina meza?" Wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, nikaongeza nusu saa juu ya zile mbili.

Jumatatu, 10 Februari
Nilikwenda shuleni kusalimia. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi juu ya tofali. Mbele ya jina langu mstari mtupu. Mkuu alikuwa nje anaongea na simu. Nikaweka sahihi. Hakuna aliyeniambia niweke. Ule mstari ulinikera tu.

Jumatano, 19 Februari
Kabasa. Karakana ya Magesa imejaa mpaka nje. Viti vinapangwa kimoja juu ya kingine, vyeupe, havijapakwa vanishi. Kila mguu kaufunga mara mbili. Ameongeza mafundi wawili. Kaniwekea kiti, nikakaa. Kizuri. Akasema, "Mjomba, mbona nasikia wewe ndiye umenipa hii kazi?" Anacheka kidogo, anangoja nijibu. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nikasema, "Watu nao wanaongeaga." Akarudi kwenye randa.

Jumanne, 4 Machi
Imefika barua ya halmashauri, hii ya Kiswahili. Kazi ya viti isimame. Mwenye karakana wa Musoma amelalamika kwamba mjumbe wa kamati alimpigania mpwa wake. Ana mashahidi wa kijiweni. Maneno yangu yote yameandikwa, hata lile la kupiga meza. Ikithibitika, Magesa ananyang'anywa kazi na hapewi tena kazi yoyote ya halmashauri.

Nimesoma mara mbili. Sikusikia kitu. Kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Alhamisi, 6 Machi
Magesa kaja mwenyewe. Hakuingia ndani. Mke wangu kampelekea maji mlangoni, kayapokea, kayashika tu. Viti hamsini viko tayari, vimefunikwa turubai. Wale mafundi wawili kawarudisha makwao.

Akaniuliza, "Mjomba, siku ya kikao ulikuwepo?"
"Sikuwepo."
"Mbona daftari lina sahihi yako?"
Nikatazama zizi la ng'ombe.
"Mimi nilishinda kwa kiti," akasema. "Kiti changu. Sasa nenda ukawaambie."
Akampa mke wangu bilauri, ikiwa imejaa vilevile. Hakuniaga.

Jioni mke wangu kapakua ugali. Ndipo akasema, "Umezoea kusifiwa na watu wasiokuamini." Nimekula. Nimemaliza sahani.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimekaa nyuma. Dada yangu yuko mbele, hajageuka. Mara zote hugeuka.

Nimefikiria la kusema Jumanne, watu wa halmashauri wakija kutuhoji. Nikisema sikuwepo, wataniuliza kwa nini. Nikisema nilikuwa naumwa, watataka cheti cha zahanati. Nikisema msiba, watauliza wa nani. Uongo ninao mwingi, mzuri, wa kila aina. Hakuna hata mmoja unaofaa.

Jumanne, 11 Machi
Wamekuja wawili kutoka halmashauri. Mama mwenye faili na kijana wa kuandika. Tumekaa darasani kwenye mabenchi ya kuazima kanisani. Watu wamejaa madirishani. Magesa kasimama karibu na mlango.

Wajumbe wanne wakasema sikuwepo. Yule mama akafungua daftari, akawaonyesha sahihi yangu. Wakainama kuiangalia. Mkuu wa shule akatazama sakafu. Sasa waongo wakawa wao.

Nikasimama. Nikasema sahihi niliiweka mimi, siku nne baadaye, peke yangu. Ya kijiweni yote nimetunga. Sijampigania mtu.

Yule mama akasema, "Mzee, leo unasema hivi kumwokoa mpwa wako. Juzi ulisema vile. Tuamini lipi? Siku ile ulikuwa wapi?"

"Butiama. Mnadani."

"Umenunua nini?"

"Hakuna."

"Mtu anaacha kikao cha kazi kubwa namna hii, anakwenda mnadani kutonunua?"

Nje mtu akacheka. Nadhani Wambura.

Nikasema nilikimbia makaratasi. Nikasema ni ya Kiingereza, na kila mjumbe alikuwa asome kwa sauti. Ilitoka kwa sauti ndogo. Yule kijana akasema rudia, hajapata. Nikarudia.

Yule mama akatoa karatasi kwenye faili, akaniletea palepale nilipo. Ile ya kulinganisha mafundi. "Nionyeshe tu ni sababu ipi iliyompa Magesa kazi. Weka kidole." Nikaitazama. Jina la Magesa nililiona, hilo nalijua. Mengine yote ni vijimstari na vijumba. Nikashika ile karatasi muda mrefu. Kidole changu hakikwenda popote. Hakuna aliyecheka tena. Hilo ndilo lilikuwa baya.

Akaichukua taratibu. "Kaa, mzee."

Nilipotoka, nilifikiri watu watabisha. Miaka yote hii nawasimulia. Daraja, chatu wa Mto Mara, kupeana mkono na marais. Nilifikiri hata mmoja atasema haiwezekani, huyu mzee anajua mambo. Hakuna. Wambura kaniambia, "Bingwa, sisi tulijuaga. Tulikuwa tunasikiliza tu." Kasema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Machi
Ng'ombe. Uji. Mvua kidogo.

Ijumaa, 14 Machi
Hakuna barua. Sijaenda kijiweni. Miguu ipo, haitaki.

Ijumaa, 21 Machi
Barua imekuja. Kazi iendelee kwa fundi yuleyule, kikao kilikuwa halali bila mimi. Mimi nimeondolewa kwenye kamati na sitakaa kwenye kamati yoyote ya kijiji. Nusu yake Kiingereza, mkuu kanisomea. Katafsiri hata sehemu za Kiswahili, kwa mazoea. Nikamwacha amalize.

Nimempigia Magesa. Hakupokea. Baadaye ujumbe: "Nimepata barua. Asante." Nimeutazama. Sijui hiyo asante ni ya nani.

Jumatano, 9 Aprili
Viti vimefika na fuso mbili. Kamati ya kupokea walikuwa wanahesabu, mimi nilikuwa napita na ng'ombe. Nimesimama upande wa pili wa barabara. Vimepakwa vanishi, vinang'aa. Magesa alikuwa juu ya fuso anashusha. Aliniona. Akainua kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimu jirani. Nami nikainua.

Akapita mwalimu mgeni, ndiyo kwanza kahamia, hanijui. Akasimama kando yangu akaangalia.

"Viti vizuri hivi, mzee. Nani kavitengeneza?"

"Fundi mmoja wa Bunda," nikasema.

"Unamfahamu?"

Ng'ombe walikuwa wanaingia shamba la mtu. Nikawafuata.