Mapigo Mawili ya Kimya

Baba,

Wimbo wako sasa una jina lako. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda barua za kuzunguka; uliruka salamu zote ukauliza, "Enhe, na mambo yenyewe?" Mambo yenyewe ndiyo hayo. Sasa niache nikueleze tulifikaje hapo.

Unakumbuka ulivyonisindikiza hadi stendi ya Litein siku ya kwanza ya chuo kikuu. Uliniambia, "Awuor, nyara, binti yangu, mimi nilisimama mbele ya hakimu nikiitikia 'yes, yes' kwa Kiingereza nisichokijua, na mpaka wa shamba la babu yako ukasogezwa. Wewe nenda ukasome sheria." Nikaenda. Mwaka wa pili nikajiandikisha na muziki pia, digrii mbili kwa mpigo, na sikukuambia. Niliogopa. Wewe uliyefundisha kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda cha majani chai tangu sijazaliwa, wewe ndiye uliyekuwa ukisema muziki ni wa Jumapili, haupiki ugali.

Karatasi ya matokeo ndiyo iliyonisaliti. Niliisahau mezani. Ulisoma kwa sauti: Mikataba, Jinai, Nadharia ya Muziki. "Hii ya tatu ni ya nani?" Ukasema sasa nimekwenda kusomea kuimba matangani. Nami nikakujibu neno ambalo hadi leo linaniunguza: "Na wewe, miaka yote hii, umekuwa nani?"

Baba, nisamehe. Nilikuomba msamaha kwa simu, lakini kwa maandishi bado.

Wiki tatu hukunipigia. Mama alisema unakula ukitazama ukuta. Halafu Jumamosi moja, umetoka shifti, nasikia mashine za kukausha majani zikinguruma nyuma yako, ukauliza bila salamu, "Hiyo nadharia yenu mnaandika kwa solfa, ile ya do-re-mi, ama kwa vile vitone vinakaa kwa nyaya kama ndege?"

Nilicheka. Ukanuna. Kisha ukacheka wewe pia, na kuanzia siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa mwalimu wako. Ulichora mistari mitano kwa rula, ukanung'unika kwamba solfa ni ya watu na vitone ni vya matajiri, ukanilazimisha nikupe kazi ya nyumbani. Tulikuwa tumefika kwenye nota za besi. Jumamosi iliyofuata simu yako ilipokelewa na Mama. Ilikuwa presha, alisema. Ulianguka ukifunga kamba za viatu.

Sasa wimbo. Ni ule uliotunga alipokufa Mama Kemunto, jirani yetu mchuma chai. Uliweka mstari mmoja wa Kikisii, mmoja wa Kikipsigis, na kiitikio cha Kiswahili, ili kila mtu amlilie kwa lugha yake. Miezi minne baada ya kukuzika, Mama alikuwa kwenye kibanda chake sokoni Litein akifunga mafungu ya mboga za sukuma wiki, ikapita bodaboda yenye redio. Akaketi juu ya gunia la viazi. Alinipigia akihema: "Baba yako anaimba kwa pikipiki, lakini sauti si yake."

Niliutafuta mtandaoni nikaupata. Gitaa, kinanda, video ya mashamba ya chai, na chini yake jina la kijana mmoja wa mjini: mwimbaji na mtunzi. Nikampelekea Madam Naliaka, mhadhiri wangu wa sheria ambaye pia ni wakili. Aliusikiliza mara mbili, akaniuliza jambo moja tu: "Ushahidi uko wapi?"

Baba, wewe na karatasi! Tulipekua sanduku lako lote, hamna kitu. Hatimaye Chebet, mwimbaji wa alto kwenye kwaya yako, aliyeolewa Kaplong, akaleta karatasi ya solfa iliyoandikwa kwa mkono wako, imegeuka kahawia kwa moshi wa jikoni mwake. Haina jina. Haina tarehe. Yeyote angeweza kusema tumenakili kutoka redioni.

Nikaketi nayo maktaba, nikaugeuza wimbo wa yule kijana kuwa vitone, nikauweka kando ya solfa yako. Mstari wa tatu, katikati ya neno "tutaonana", sauti zote zinanyamaza mapigo mawili. "Tutao—", kimya, kimya, "—nana." Mwalimu yeyote wa muziki angepiga wino mwekundu hapo. Hakuna sababu ya kulikata neno hivyo. Na yule kijana naye alikuwa ameliacha limekatwa vilevile! Ndipo nikakumbuka mazoezi yenu kanisani, na Mzee Koech wa besi, ambaye kifua chake hujifunga. Ulikuwa unainua mkono: "Mngojeni Koech ashike pumzi."

Madam akamwandikia yule kijana barua, tukakutana Kericho mbele ya msuluhishi. Mimi bado mwanafunzi, siwezi kusimama kama wakili; Madam ndiye aliyesimama. Lakini aliniombea ruhusa ya kuuliza swali moja kama mtoto wako.

"Ndugu yangu," nikamwambia yule kijana, "hapa mbona umenyamaza?"

"Ni staili yangu," akasema.

"Katikati ya neno?"

Mzee Koech, tuliyemleta kama shahidi, akasimama bila kuitwa, kidude chake cha pumu mkononi. "Hapo ni mahali yangu ya kupumua! Baba Awuor alinipatia mimi!"

Chumba kizima kilicheka. Hata yule kijana alicheka, halafu akavua kofia. Akasema aliusikia matangani upande wa Sotik, akaurekodi kwa simu. "Nilidhani ni wimbo wa watu tu, hauna mwenyewe." Sikumwona mwizi, Baba. Niliona mtu aliyependa wimbo wako. Alikubali kubadilisha jina la mtunzi, akamwomba Mama ruhusa ya kuendelea kuuimba. Mama akampa, kwa sharti aje aimbe na kwaya Jumapili moja. Alikuja. Kwenye yale mapigo mawili aliingia kabla ya wakati, na aliyemkanyaga mguu kumkumbusha ni Mama, ambaye siku hizi anasimama kwenye alto. Ndiyo, Mama, yule uliyembembeleza miaka yote ajiunge na kwaya akakataa.

Lakini tukirudi nyumbani siku ile sikuwa na furaha niliyotarajia. Neno la kijana lilinikera: wimbo wa watu. Si ndivyo ulivyotaka? Nikamuuliza Mama kama tumekosea. "Baba yako angemwachia huo wimbo," akasema. "Lakini angetaka aulizwe."

Imebaki miaka miwili. Nakuahidi nitamaliza zote mbili, sheria na muziki, na sitamficha mtu yeyote ninachosoma. Ijumaa naenda Chebunyo kwa dada yake Mzee Koech. Ni bibi mkongwe, anajua nyimbo za kukamulia ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Ameniambia kwa simu nifike mapema, ng'ombe wakiwa bado zizini, maana bila ng'ombe nyimbo hazimjii. Nitaziandika kama anavyoziimba, na juu ya kila ukurasa jina lake, kubwa.

Sasa niache nikaazime gambuti za mpira za Mama, maana huko kumenyesha wiki nzima. Kaa salama huko uliko, Baba yangu mpenzi. Nikipata jipya nitakuandikia.

Binti yako,
Awuor