Skrini Pana na Kiti cha Pembeni

Jumatatu, 3 Machi

Kalifuta jina langu. Kalifuta! Nimeiona ripoti yangu leo mezani kwa Mama Mkurugenzi, imevalishwa jalada la plastiki, na chini ya kichwa cha habari kuna jina moja tu – la Kiyoyozi.

Kiyoyozi ndiye anayekaimu ukuu wa kitengo chetu. Jina hilo tumempa mimi na shoga yangu wa mapokezi: kelele kutwa nzima, na akikaa karibu yako unapata baridi. Mimi ni fundi wa vyumba vya mikutano. Nyaya, kamera, vipaza sauti. Kila anayepiga ukelele "mbona haionekani!" – huyo ni wangu.

Wiki mbili nimeihangaikia ripoti ile. Skrini gani tuweke chumba kikubwa badala ya ile televisheni kuukuu? Nimekaa viti vyote kumi na viwili, kimoja kimoja, futi mkononi, nikiandika nani anaona na nani anakisia. Projekta – jua la dirishani linaipausha picha kama shati lililoanikwa wiki nzima. Televisheni mbili bega kwa bega – katikati kunabaki mstari mweusi, na huo mstari lazima umpitie mtu usoni. Nikapendekeza skrini moja pana, inchi mia na tano kutoka pembe hadi pembe. Hati katikati, watu wa mbali wote kwenye mstari mmoja, hakuna anayekatwa. Kurasa tisa!

Na nafasi ya mkuu wa kitengo inajazwa mwezi huu. Mama Mkurugenzi kishasema atampa yule aliyeifanya kazi ya skrini. Ndiyo maana!

Nimemfuata Kiyoyozi ofisini kwake. Ati ripoti ni ya kitengo, si ya mtu. Ati nisipandishe sauti, haya tutayaongea pembeni. Pembeni! Miaka minne naongeleshwa pembeni. Kiti changu kikaoni ni cha pembeni. Hata tableti ninayoendeshea mitambo ya chumba aliisajili yeye, akaiandika jina "Pembeni", akacheka mwenyewe.

Nitamwonyesha pembeni ni wapi.

Jumatano, 5 Machi

Mama yangu nyumbani leo kaniuliza naumwa jino gani. Nikamwambia siumwi. Akasema basi nimsamehe huyo mtu, maana siku ya tatu hii nafunga makabati ya jikoni kwa kishindo na yeye ana presha.

Simsamehi.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kila Alhamisi. Nimekaa pembeni, tableti mapajani.

Niliandike jambo hili vizuri, maana ndilo lenyewe. Kwenye kikao waliounganishwa ni watatu tu: Kiyoyozi na laptopu yake, meneja wa tawi aliye mbali, na mimi na tableti ya chumba. Wengine wanaangalia ukutani. Na ile televisheni kuukuu ukutani inaonyesha slaidi tu. Kumbe chini kwa chini hawa wawili wanaandikiana meseji ndani ya kikao kile kile! Wanamsengenya kila aliye mezani. "Bibi kaanza hotuba, leteni mito." Bibi ni Mama Mkurugenzi. Mhasibu wanamwita Godoro. Mimi wananiita Binti wa Waya.

Na wanajua meseji zinafika kwenye tableti yangu. Wanajua! Ila mimi sihesabiki.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilikuwa nasoma kijitabu cha skrini pana, nikitafuta vipimo vya nondo za ukutani. Ukurasa wa kumi na nne kuna picha. Hati katikati. Nyuso chini. Na kulia, kwa kuwa nafasi ipo tele – safu ya meseji za kikao. Inatokea yenyewe. Asiyeitaka ndiye anayekwenda kuizima.

Nimeisoma mara tatu. Nikaenda msalani kucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Almanusura! Kiyoyozi kaamka na mawazo mapya: tuchukue televisheni mbili, tumalize. Yaani ripoti aliyoiba hata hajaisoma!

Ningeweza kubishana naye kwa vipimo. Nikaona nisijichoshe. Nikamwambia tu, taratibu, huku nazungusha waya: sawa bosi, hata mimi naona tusishindane na tawi, maana nasikia wao wanaweka ya inchi tisini na nane. Akaniangalia. Tawi? Tisini na nane? Ndiyo bosi, nasikia.

Robo saa haikupita. Agizeni ya mia na tano! Tena akanishika bega akaniambia kiongozi lazima aone mbali.

Ona mbali, baba. Utaona hadi kulia kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha mwisho cha televisheni kuukuu. Mama Mkurugenzi alikuwa akionyesha ramani ya ofisi mpya. Tangu augue mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka, na akiwa amechoka unazidi. Sote tunajifanya hatuoni.

Kiyoyozi kaandika: "Leo mkono unapiga ngoma. Tafuteni wa zumari." Meneja wa tawi: "Mpeni kikombe kitupu tusije tukalowa."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Kisha – naandika ukweli, hakuna anayesoma humu – nikafurahi. Nilikuwa nimetaka chambo, nimepewa samaki mzima.

Jumatatu, 17 Machi

Skrini imefika. Watu wanne, ngazi ghorofa tatu, lifti imeikataa. Kwenye kona ya ghorofa ya pili sanduku likagoma kabisa, ikabidi tuondoe kishikio cha ngazi kwa bisibisi. Kiyoyozi alisimama juu akitoa amri: kulia! kushoto! Hakugusa hata kamba.

Imekaa ukutani saa kumi jioni. Nimepima kwa pima maji mara mbili. Haijapinda hata unywele. Kazi yangu ni kazi yangu, hata ya kumzikia mtu.

Jumanne, 18 Machi

Imewaka! Uzuri wake siwezi kuueleza. Nimezunguka viti vyote kumi na viwili tena – hakuna anayekisia.

Wakati wa chakula cha mchana nikamwita shoga yangu, tukafunga mlango. Nikafungua kikao cha Alhamisi kwa tableti, na skrini nayo ikajiunga kivyake. Kiungo ni kile kile kila wiki na meseji hazifutwi. Na kweli, kulia kabisa, zikajipanga zenyewe, herufi kubwa kama za bango la duka: "Leo mkono unapiga ngoma."

Shoga yangu akacheka mpaka akashika meza. Halafu akafuta machozi. Akaniuliza: na yule mama wa watu, kosa lake nini? Ataisoma hiyo mbele ya watu kumi na mmoja.

Nilikuwa nimeshapanda, sishushiki. Nikaandika hapo hapo chini yake, kwa mkono wangu, ukutani pakaonekana: "Karibu mazishini, Kiyoyozi. Alhamisi saa nne." Na jingine: "Bibi akilia na alie. Ilimradi huyu azikwe."

Shoga yangu akasema hilo la pili nimevuka mpaka. Akaenda zake mapokezi, hata chai yake hakuimaliza.

Nikazima skrini. Baadaye nikazifuta zile zangu mbili. Tableti ikaniuliza sijui nini, nikabonyeza jibu la kwanza, zikatoweka. Kwangu pamebaki pasafi, zipo za Kiyoyozi peke yake. Safi kabisa.

Jumatano, 19 Machi

Mama Mkurugenzi kaja chumbani peke yake kuiona skrini. Nilikuwa chini ya meza nafunga nyaya. Akaenda moja kwa moja kiti cha saba, kile cha kona ya dirisha, akakaa.

Akasema: hiki ndicho kiti nilichokaa siku ile nimetoka hospitali, sikuona kitu, nikaona haya kusema. Kisha nasoma kwenye ripoti: "Kiti cha saba – anayekaa hapa anakisia, na huenda anaona haya kusema." Nani alikaa hapa akaliona hilo?

Ni sentensi yangu. Niliiandika usiku nikaifuta, nikairudisha. Ningesema neno moja tu: mimi. Mdomo niliufungua kabisa.

Lakini nikawaza: nikisema sasa, yataisha kwa maneno. Kiyoyozi ataomba radhi kwa tabasamu, watayamaliza pembeni. Alhamisi itakuwa imekufa. Nikachelewa kwa pumzi moja – na mlango ukafunguliwa. Kiyoyozi. "Ni mimi, Mama. Nilikaa mwenyewe."

Mama akamuuliza alipima kwa macho au kwa futi. Akajibu kwa macho, uzoefu Mama. Mama akaitikia mmh. Akaniangalia mimi, chini ya meza, futi limening'inia mfukoni. Nikainamia nyaya.

Jioni nyumbani mama yangu kaniuliza mbona sili. Nimemwambia kesho nitakula. Kesho nitakula sana.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika hapa hapa kikaoni, kiti cha pembeni. Watadhani nachukua kumbukumbu.

Saa nne kasoro dakika mbili. Wote wameshakaa. Kiyoyozi kavaa koti. Mama Mkurugenzi kachagua kiti cha saba, wakati cha mbele kipo! Shoga yangu kaleta maji, hakuniangalia.

Kiyoyozi anasimulia alivyoichagua skrini. Kasema inchi mia na tano ni upana. Si upana, ni pembe hadi pembe! Mshenzi.

Kaniambia washa.

Nimewasha. Slaidi katikati. Meneja wa tawi chini, meno nje. Na kulia zinapanda, zinapanda –

Si zake.

Si zake! Zimetangulia zangu. Ukutani, kila herufi kama kiganja: "Pembeni: Karibu mazishini, Kiyoyozi." "Pembeni: Bibi akilia na alie. Ilimradi huyu azikwe." Kwenye tableti hazipo. Natazama tena – hazipo! Jibu la kwanza. Sasa ndiyo nalikumbuka jibu la kwanza lilivyoandikwa: Futa kwangu. La pili lilikuwa: Futa kwa wote. Kwangu! Kwangu tu!

Natafuta pa kuizima ile safu. Nabonyeza hapa, nabonyeza pale.

Mhasibu kasoma kwa sauti ndogo kisha kajutia. Kiyoyozi kageuka, kasoma, na – anacheka! Kasema Mama unaona, ndiyo watu ninaofanya nao kazi. Hajui. Hajui nini kipo juu ya hizo. Meneja wa tawi ndiye kajua, uso umebadilika rangi, anapunga mikono kwenye kamera, kasahau kufungua sauti.

Mama Mkurugenzi kavaa miwani. Kauliza, bila hasira: Pembeni ni nani?

Hakuna aliyenitaja. Wamegeuza vichwa tu, wote kumi na mmoja. Skrini inaonyesha chumba chote, nami nimo, kulia kabisa, kalamu mkononi. Niliipima mimi hiyo. Nilitaka asikatwe mtu.

Mama kasimama. Anaizunguka meza polepole. Skrini ni ya kugusa, kwenye ripoti ukurasa wa sita niliandika hivyo. Kanyoosha mkono wa kulia. Anazishusha meseji aone za juu yake. Kidole kinateleza, anaanza upya. Nataka kupiga kelele: Mama, usisome! Nilichokipanga wiki mbili nzima ndicho hiki hiki, na nataka kupiga kelele usisome.

Kiyoyozi kaacha kucheka.

Kidole kimesimama. Mkono una – siandiki. Anasoma. Amesoma. Anasoma tena.

Hajalia.

Hamwangalii Kiyoyozi. Hageuki hata. Anauliza ukuta: aliyekaa kiti cha saba na futi, na aliyeandika bibi na alie – ni mtu mmoja?

Jibu ninalo mimi.

Sasa kageuka. Kasema: "Wewe binti, toka huko pembeni. Njoo mbele. Na hilo daftari unaloandika tangu tumeanza, njoo nalo."

Nimesimama. Bado naandika.