Vipande Saba vya Leso

Jumapili, 3 Machi 2013

Nimelisha, nimefagia, nimepika. Wiki ya pili sasa madam kaniacha huku mazraani, shambani kwao nje ya Riyadh, kwa sababu swala wamenizoea. Majike saba wana mimba. Nimewapapasa matumbo mmoja mmoja. Jumamosi lori linakuja kuwapeleka porini, kwenye hifadhi, wakazae huko. Bosi anasema zamani jangwa lilijaa swala, watu wakawamaliza kwa magari na bunduki. Hata majike waliwapiga. Wajinga! Dume mmoja anatosha majike kumi. Ukiua jike umeua kundi. Baba yangu kule Voi hakusoma, na hilo alilijua.

Binti yangu Mghoi kule nyumbani naye ana mimba ya miezi saba. Yake ya kwanza. Mimi mama yake niko huku napapasa matumbo ya swala.

Jumanne, 5 Machi

Alhamisi mdogo wake bosi anakuja kutoka Jeddah na wageni. Bosi kamruhusu kuchinja dume mmoja. Dume tu. Bosi mwenyewe hatakuwepo mpaka Ijumaa.

Roho haikutulia. Nimechana leso yangu ya njano vipande saba, nikawafunga majike shingoni. Kwetu mbuzi mwenye kitambaa haguswi. Hauzwi, hachinjwi, mpaka azae. Mutua, Mkenya mwenzangu anayelinda geti, kacheka sana. "Mama Mghoi, umewavisha kama wanaenda harusi!"

Acha acheke. Yule mzee wao mwenye mguu mbovu, ninayemwita Bibi, alinilamba mkono nikimfunga. Alitaka chumvi ya jasho tu, najua. Nilifurahi hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Nina hasira.

Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mutua yuko getini anafungulia magari. Wageni wamekuja na mchinjaji wao waliyemtoa mjini, Shumaisi. Hakuuliza mtu. Kaingia zizini, kaona kitambaa, kamshika Bibi. Mwenye mguu mbovu, hakuweza kukimbia. Nilipotoka kumwaga maji alikuwa ameshaning'inizwa. Na mtoto tumboni, manyoya yameshaota.

Nilipiga kelele. Mchinjaji ananishangaa, ananionyesha kile kitambaa. Mutua akanitafsiria, hacheki tena.

"Anasema huku mnyama wa karamu ndiye anayetiwa alama. Rangi, hina, chochote. Alidhani tumemchagulia."

Tumemchagulia! Ni mimi. Kwa mikono hii.

Lakini tumbo lile hata kipofu angelijua kwa kugusa. Na yule mdogo wa bosi amekaa kwenye zulia lake anacheka. "Swala ni swala. Yalla, leta wali."

Swala ni swala. Mungu amsikie.

Nilikimbia zizini kwanza, nikawakata vitambaa wale sita. Ndipo nikapika. Nimepika nikiwalaani wote, na mimi mwenyewe nimo.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi kafika. Kamfokea mdogo wake mbele ya wageni mpaka wakaondoka, chai haijanyweka. Nikasema sasa ni zamu yangu. Nikawaza Mghoi, nikawaza ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iliyo mkononi mwake.

"Nani aliwafunga vitambaa?"

Ningeweza kusema sijui.

"Mimi, baba."

"Kwenu maana yake nini?"

"Mwacheni azae."

Akaangalia chini. Akasema halas, basi yamekwisha, akaenda zake. Afadhali angenitukana. Hasira yangu ingepata pa kutokea.

Jumamosi, 9 Machi

Lori limekuja saa moja asubuhi. Masanduku ya mbao, kila mmoja na lake. Wanne wameingia wenyewe. Wawili waligoma, nikawatangulia nimejipaka chumvi kiganjani, wakanifuata. Bosi alisimama pembeni, hakuniharakisha.

Sita wamekwenda. Wakizaa wote, wako kumi na wawili. Bibi angefanya kumi na wanne.

Zizi limebaki na madume, wanapigana pembe bure.

Kitambaa cha Bibi nilikiokota juzi. Nimekifua mara tatu, damu imetoka. Nimekikunja ndani ya nguo za kichanga nilizonunua sokoni Batha, mzigo wa Mghoi. Sikuandika kitu. Mwenyewe alikua akiwafunga mbuzi vitambaa na babu yake, ataelewa.

Nimefagia. Maji nimeyabadilisha.