Basoda wa Mama

Mdogo wangu Zuhura,

Shikamoo yako imemfikia Mama. Bujumbura kuna joto, hata shuka za hospitali zinanata. Leo wamemtoa maji tumboni, chupa tatu, rangi ya chai ya rangi. Daktari akasema, "Mama, mu maji hii muko basoda ba mwili, lakini kansa ya ovari imebalalisha."

Mama akacheka. "Soda? Ndiyo maana tumbo limejaa gesi!"

Nikamweleza kwamba huku si Kigoma, basoda ni askari. Askari wa mwili wake wamo, ila ugonjwa umewalaza, hawapigani tena. Nesi alipozibeba chupa, Mama akamwita: "Mwanangu, wamwage polepole. Wamechoka kama mimi."

Endelea kumtandikia Mama kitanda chake huko nyumbani kila asubuhi, mpenzi.

Dada yako,
Mwajuma