Bata wa Lulu na Leso Zangu

Jumatatu, 3 Agosti. Riyadh.
Naenda Ulaya! Viza imetoka. Ugiriki, kisiwani, mimi Mwanakombo wa Kisauni. Nilikuwa napiga pasi kanzu za bosi, madam akaingia na pasipoti yangu mkononi, nusura niunguze kola. Nimemwandikia mwanangu Rehema hapo hapo. Rehema anasomea uuguzi, wa kwanza ukoo mzima. Sasa mamake naye wa kwanza kukanyaga Ulaya. Majirani na wakae wasikie.

Kazi yangu ni Lulu, mtoto wa madam, miaka minne. Nimchunge baharini. Dada za madam watatufuata na watoto wao. Madam aliniuliza, "Wewe wa Mombasa, bahari unaijua?" Nikamjibu, "Madam, mimi na bahari ni ndugu."

Mdomo huu.

Kuogelea sijui. Kwetu waogeleao ni wavulana. Sisi twaenda siku ya Idi, twakaa mchangani na mabuibui yetu, twala viazi karai. Maji yakifika magotini twapiga kelele. Lakini ukisema watoka Mombasa, watu wakuona samaki. Yule Mfilipino wa jikoni anaogelea kweli, na ndiye anayebaki.

Jumatano, 5 Agosti. Jeddah.
Tumefikia kwa mamake madam. Ndege kesho. Nimepewa ruhusa, dereva akanifikisha mtaa wa Ghulail kwa Saumu, binti wa mama mdogo. Kanipikia mbaazi za nazi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe? Si wewe uliyekimbia wimbi siku ya Idi ukaacha kiatu?"

"Hebu nyamaza."

"Mwambie madam."

Nikasema siwezi, nitaachwa, ataenda mwingine. Hapo akaacha kucheka. "Shauri yako. Lakini ukikaa kimya, dada, atakayekunywa maji si wewe."

Mbaazi hazikushuka. Wakati wa kuondoka akanitilia leso mbili mkobani juu ya zangu mbili. Leso haikosi kazi, alisema.

Ijumaa, 7 Agosti. Kisiwani.
Ufuo mdogo. Mchanga laini kama unga wa ngano. Maji hayana hata povu. Unaenda, unaenda, bado magotini. Mababa wanajenga nyumba za mchanga na watoto wao. Vikongwe wanaogelea na kofia kichwani, wakipiga soga kama wako sokoni. Hakuna muziki, hakuna wachuuzi. Bosi anasema hapa ni pa familia, hakuna hatari.

Mimi naogopa. Huu utulivu wenyewe ndio ninaouogopa. Bahari ya kwetu ikikasirika husema.

Leo nimemwambia madam jua kali, Lulu acheze mchangani. Kesho nitasema nini?

Jumamosi, 8 Agosti.
Nimesema chumvi itamwasha macho. Madam kaniangalia. Nimeona haya.

Jumapili, 9 Agosti.
Bosi kanunua bata wa plastiki, wa kupuliza, mkubwa kama kochi. Lulu hataki kushuka. Na upepo umeanza. Unatoka milimani, nyuma yetu, unaelekea baharini. Maji yamelala, lakini kofia ya bosi imepeperuka na haikurudi. Niliiangalia mpaka ikawa nukta.

Nikaunganisha leso mbili. Fundo lile la kufungia mtoto mgongoni, halifunguki hata ukicheza ngoma. Ncha moja shingoni mwa bata, ya pili kiunoni mwangu. Nikakaa majini chepechepe, nikapumua.

Madam akaja juu. "Mwanangu mbuzi? Watu wanatuangalia. Fungua. Si wewe ndugu wa bahari?"

Nikafungua. Hapo ndipo pa kusema. Sikusema.

Jumatatu, 10 Agosti.
Sijui nianzie wapi. Niandike hivyo hivyo.

Lulu juu ya bata, mimi kando, maji magotini, nimeshika mkia. Akanirushia maji machoni. Nikajifuta. Kujifuta tu! Bata keshaondoka. Nikamfuata. Mapaja. Kiuno. Kifua. Mguu ukakosa chini, nikarudi nyuma. Lulu anacheka, ananipungia mkono, anazidi kwenda.

Nikageuka. Bosi yuko kitini, ametulia, ananitazama mimi. Hana wasiwasi. Anamngoja ndugu wa bahari amletee mtoto.

Ya Rabbi. Nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga: "Bosi! Sijui kuogelea! Mafi, hakuna! Sijui!" Ufuo mzima ukasikia.

Bosi akajitupa na miwani usoni. Aliyemtangulia ni kikongwe mmoja wa zile kofia. Akamkamata bata mkia, akamvuta pole pole mpaka kwetu. Lulu sasa analia. Madam alikuwa amesimama na buibui lake, maji magotini, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Akamnyakua mwanawe. Mimi hajanisemesha.

Jumanne, 11 Agosti.
Nimepanga nguo zangu mkobani. Watanirudisha. Majirani niliotaka wasikie, watasikia. Nitamwambia nini Rehema?

Na si kurudishwa ninakokuogopa zaidi. Nikifumba macho namwona yule bata kwa mgongo, anakwenda.

Jumatano, 12 Agosti.
Madam kanikuta uani naanika nguo. Akakaa kwenye ngazi, jambo ambalo hajapata kufanya. Akaniuliza kwa nini nilimdanganya. Nikasema, "Nilitaka kuja, madam. Tena niliona haya." Akanipa kibanio cha nguo. Kisha akasema hata yeye hajui kuogelea. Kazaliwa Jeddah, bahari mlangoni, na hajapita magoti. Jana hakulala.

"Toa nguo zako mkobani," akasema. "Na zile leso ziko wapi?"

Tumeshuka ufuoni jioni. Nimefunga zangu mbili, shingoni mwa bata na kiunoni mwangu. Madam kalivuta fundo mwenyewe, mara mbili, kulijaribu. Tumekaa bega kwa bega, miguu majini, Lulu anaelea mbele yetu. Yule kikongwe kapita, kainua kofia.

Bado naogopa. Leso mbili za Saumu nimezifua, ziko kwenye kamba, zinakauka zingoje zamu yao. Dada za madam na watoto wao wote wanafika Jumamosi.